Mashini inayojua kusimama

Katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, kuna karakana ndogo ya kutengeneza moteri za umeme zilizoungua. Haina kibao barabarani. Wanaoihitaji wanaijua: wenye mashini za kusaga mahindi, wenye pompi za maji, wachomea vyuma. Moteri ya kusaga ikiungua, mtaa unapata habari kabla ya jioni, kwa sababu wamama wanaonekana wakirudi na mabeseni ya mahindi vichwani kama walivyokwenda nayo, na unga wa bukari ya siku ile unatafutwa mbali.

Fundi mwenye karakana hiyo amefanya kazi ya kubobina kwa zaidi ya miaka 20. Anafungua moteri, anatoa waya iliyoungua, anahesabu mizunguko yake, anapima unene wake kwa mikrometa, kisha anaweka waya mpya kwa idadi ile ile. Kazi hiyo anaifanya kwa mikono, na mikono yake haina shida nayo. Shida iko kabla kazi yenyewe haijaanza. Ni kuhamisha waya kutoka bobini moja kwenda nyingine.

Waya ya shaba yenye verni inauzwa kwenye bobini kubwa za kilo nyingi. Fundi mdogo hana pesa ya kununua moja peke yake, basi mafundi watatu au wanne wanachanga, halafu wanagawana. Tena kuna moteri ambazo hazifungwi kwa waya moja nene, ila kwa waya mbili au tatu nyembamba zinazokwenda pamoja, kwa sababu nyembamba zinakunjika vizuri na kuingia kwenye mifereji ya chuma bila kubishana. Ili kufunga hivyo, lazima uwe na bobini mbili au tatu za waya ya namna moja kwa wakati mmoja. Kwa njia yoyote ile, waya lazima itoke kwenye bobini kubwa iende kwenye ndogo.

Kwa miaka mingi ilifanyika kwa mkono. Bobini kubwa ilining'inizwa kwenye bomba, fundi akazungusha ndogo kwa mpini, na mtoto wa dada yake, kijana wa miaka 16 anayejifunza kazi hapo, akaongoza waya kwa kitambaa. Kilo moja ya waya ya milimita 0.5 ina urefu wa karibu mita 570. Kumaliza bobini ya kilo 20 ni kuvuta zaidi ya kilomita 11 za waya, huku ukiangalia isipige fundo hata mara moja. Fundo moja linavunja verni. Verni ikivunjika mahali pawili palipogusana ndani ya moteri, umeme unapita njia ya mkato, pale panapata moto, na baada ya siku chache mwenye mashini anarudi na moteri inanuka moshi. Mkwaruzo ambao jicho halikuuona unatosha kwa hayo yote.

Na waya si ya kuchezea. Katanga ni nchi ya shaba tangu zamani. Watu wa huku walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba, na misalaba ile ilitumika kama pesa. Enzi za mfalme Msiri wa Bunkeya, mafundi wa Bayeke walikuwa wakivuta shaba kuwa waya wa bangili. Leo shaba inatoka Katanga kwa malori, inavuka mpaka, na fundi wa Kenya anainunua ikirudi katika umbo la waya yenye verni, kwa bei ya kitu kilichosafiri. Ndiyo maana katika karakana ile hata kipande cha mita mbili hakitupwi.

Basi fundi akaamua kutengeneza mashini. Ya kwanza aliimaliza kwa siku tatu. Alichukua moteri ya cherehani pamoja na pedali yake, akaifunga kwenye meza, akaunganisha na shafti inayobeba bobini ndogo. Ukikanyaga pedali inazunguka, ukiachia inasimama. Ilifanya kazi vizuri sana. Lakini kukaa na mguu juu ya pedali karibu saa nzima kunachosha, na mikono yake ilikuwa na kazi nyingine mezani. Siku ya nne akaokota jiwe nje, akaliweka juu ya pedali. Mashini ikaenda yenyewe. Akafurahi, akasema sasa ni otomatiki.

Jioni moja umeme ulikatika, waya ikiwa katikati ya bobini. Hakuna aliyeshtuka, kukatika kwa umeme si habari. Kijana aliona kitanzi kimoja cha waya kimeshika ukingo wa bobini, akapeleka mkono kukitoa kabla hakijawa fundo. Ndivyo alivyofundishwa. Umeme ukarudi. Jiwe lilikuwa bado juu ya pedali.

Waya ilizunguka kidole cha shahada na kuvuta. Ilikatika yenyewe, lakini baada ya kukata nyama. Kwenye kituo cha afya walimshona. Kidole kilipona, ila ncha yake mpaka leo haikunjiki yote.

Mama wa kijana ni dada mkubwa wa fundi. Alifika karakana asubuhi iliyofuata, hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alitazama meza, akatazama chini.

“Hili jiwe ni la nini?”

“Lilikuwa linakanyaga pedali, yaya. Ili mguu upumzike.”

Alinyamaza kidogo. “Basi mguu wako ndio uliokuwa unamlinda mtoto wangu. Ukautoa, ukaweka jiwe.”

Fundi hakuwa na jibu. Aliomba msamaha.

“Msamaha nimeusikia, mdogo wangu. Lakini mashini yako inajua kukimbia tu. Kusimama haijui. Siku itakapojua, utaniita.”

Akamchukua kijana nyumbani.

Fundi alifungua mashini ile siku hiyo hiyo, vipande vyake vikaingia kwenye katoni. Alirudia mpini na kitambaa, sasa peke yake, na kazi ya saa moja ikawa ya saa tatu. Kilichomsumbua zaidi usiku si jiwe. Ni kwamba dawa ya ajali ile alikuwa anaijua. Kwenye mashini za kusaga za watu alikuwa amefunga kontakteri mara nyingi, pamoja na kibonye cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima, ili umeme ukikatika na kurudi mashini isianze yenyewe mtu akiwa ameingiza mkono. Kwa wateja alifanya hivyo bila kuambiwa. Kwa meza yake mwenyewe, na kwa mtoto wa dada yake, aliona jiwe linatosha.

Ilipita kama mwezi ndipo akachukua kipande cha katoni na kalamu. Safari hii hakuanza kwa kuchora namna mashini itakavyokimbia. Aliandika sababu za kusimama, moja chini ya nyingine: umeme ukikatika; waya ikikatika; waya ikikwama; bobini ndogo ikijaa. Kila sababu akaitafutia kitu chake.

Kwa umeme aliweka rele. Ukibonyeza kijani, umeme unaingia kwenye koili ya rele, nayo inavuta mguso wake na kufunga njia. Mguso huo huo unaendelea kuilisha koili hata ukishaondoa kidole kwenye kibonye. Rele inajishika yenyewe. Umeme ukikatika inaachia, njia inafunguka, na umeme ukirudi unakuta mlango umefungwa. Mpaka mtu abonyeze tena kijani, hakuna kinachozunguka. Kibonye chekundu kinafanya kazi ileile kwa kukata njia kwa makusudi.

Kwa waya alitengeneza mkono mwepesi wa alumini wenye gurudumu dogo kwenye ncha na springi upande wa pili. Waya inapita juu ya gurudumu hilo ikielekea kwenye bobini ndogo. Kazi ikienda sawa, mkono unakaa katikati ukichezacheza. Waya ikikatika, springi inauvuta mkono mpaka mwisho wa upande mmoja, ambako kuna swichi ndogo. Waya ikikwama, inauvuta mkono mpaka mwisho wa upande mwingine, ambako kuna swichi ya pili. Swichi zote mbili zimeunganishwa kwenye njia moja na kibonye chekundu. Yoyote ikiguswa, rele inaachia.

Kwa bobini iliyojaa aliweka kijiti cha plastiki kinachoelea juu ya waya. Tabaka zikipanda mpaka kipimo, kijiti kinasukuma swichi ya tatu.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo hakulitegemea. Bobini ndogo ilisimama mara moja, lakini kubwa, yenye kilo nyingi, iliendelea kuzunguka kwa uzito wake na kumwaga waya chini kama tambi. Alijaribu kuifunga freni kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu. Mwanzoni ilifaa. Bobini ilipokaribia nusu, waya ikaanza kuvutwa kwa nguvu na kukatika. Alikaa akaitazama mpaka akaelewa: freni ni ile ile, lakini waya sasa inatoka karibu na kiini, na ukivuta kitu kutoka karibu na kiini chake unahitaji nguvu kubwa zaidi kukizungusha. Na waya iliyovutwa sana haikatiki tu. Inarefuka na kuwa nyembamba. Ikirefuka kwa asilimia 1, upinzani wake kwa umeme unapanda karibu asilimia 2. Ungeifunga kwenye moteri bila kujua, nayo ingepata joto kuliko inavyotakiwa.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko freni. Aliisimamisha bobini kubwa wima sakafuni, isizunguke kabisa. Waya ikawa inatoka kwa juu, inapita kwenye pete ya kaure aliyoining'iniza katikati juu yake, ndipo inaelekea mezani. Kila kitanzi kinachotoka kinaipa waya msokoto mmoja, lakini msokoto huo unaenea kwenye urefu wote wa kitanzi, na waya ya mviringo haisumbuliki nao. Alichotakiwa ni kusugua ukingo wa juu wa bobini kwa msasa laini ili usikwaruze verni. Kitu kisichozunguka hakihitaji kusimamishwa.

Ili waya isilegee, aliipitisha katikati ya vipande viwili vya blanketi ya sufu vilivyobanwa kwa springi na parafujo ya kurekebisha. Blanketi inaishika waya kwa upole na haiigusi verni kwa chuma.

Moteri ya cherehani hakuirudisha. Alichukua moteri ndogo aliyoibobina mwenyewe, yenye mizunguko karibu 1,400 kwa dakika, akaweka puli ya sentimita 4 upande wake na rimu ya baiskeli ya mtoto, ya sentimita kama 32, upande wa bobini. Mwendo ukashuka mara nane, ukawa mizunguko karibu mitatu kwa sekunde. Jirani mmoja alimcheka kwamba ametengeneza mashini ya wazee. Lakini kwa mwendo huo kilo moja inahama kwa muda wa robo saa hivi, na ikitokea shida, jicho linaiona kabla haijawa hasara.

Ilibaki kuongoza waya iende na kurudi ili bobini ijae sawasawa. Alijaribu mkono wa kupangusa kioo cha gari, maana kazi yake ni kwenda na kurudi. Bobini ikatoka nene pembeni na nyembamba katikati, kama kiuno cha nyigu. Mkono wa namna hiyo unapunguza mwendo kila unapokaribia kugeuka, basi waya nyingi inarundikana mwishoni. Jibu alilipata kwa mshonaji wa mtaa wa pili, mwenye cherehani ya zamani sana ya bobini ndefu. Kwenye sehemu ya kujazia uzi kuna kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Kikizunguka, kinasukuma kiongozi cha uzi kwa mwendo ule ule kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha kinakigeuza ghafla. Fundi alikichora kwenye karatasi, akakikata kikubwa zaidi kwa mbao ngumu, akakiendesha polepole kwa mkanda kutoka kwenye shafti ile ile ya bobini ili viwili hivyo visiachane mwendo.

Kuhesabu mizunguko alikuachia kikokotoo cha kawaida. Alibandika sumaku ndogo kwenye rimu, na karibu yake swichi inayojifunga sumaku ikipita, akaziunganisha nyaya zake na kibonye cha sawasawa ndani ya kikokotoo. Ukiandika 1, kujumlisha, 1, kila mguso wa sawasawa unaofuata unaongeza moja. Kinaonyesha moja zaidi ya mizunguko iliyopita, na kijana yeyote anajua kutoa moja.

Mashini ilipokwisha, fundi alijaribu kuzima na kuwasha umeme siku nyingi akiwa ameweka kijiti cha mti kwenye njia ya waya. Kijiti hakikuguswa hata mara moja. Ndipo alipotuma habari nyumbani kwa dada yake.

Alikuja Jumamosi, pamoja na kijana. Fundi alibonyeza kijani, bobini ikaanza kuzunguka. Akamwomba dada yake asimame kwenye dijonteri iliyo ukutani, aizime. Aliizima, kila kitu kikanyamaza. Kisha fundi akaweka kidole chake cha shahada pale pale, kati ya waya na ukingo wa bobini.

“Yaya, washa.”

Dada yake hakuwasha. Mkono ulikuwa kwenye dijonteri lakini haukusogea.

“Toa kidole kwanza.”

“Nikitoa, utakuwa umeona nini?”

Alitazama kidole cha ndugu yake, akatazama mkono wa mwanawe. Akawasha. Taa ya karakana ikawaka, redio ya jirani ikaanza kuimba. Mashini haikusogea.

“Rudia,” alisema. Wakarudia. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe mezani, akaikata waya kwa mkasi mashini ikiwa inakimbia, bila kuomba ruhusa. Mkono wa alumini ukaruka upande, bobini ikasimama. Fundi alihesabu moyoni mita zilizoharibika, hakusema kitu.

Kijana alirudi kazini Jumatatu. Wiki ile mafundi wanne walileta bobini waliyoichangia. Waligawana kwa bobini ndogo nne zilizo sawa, kila moja kwa idadi ile ile ya mizunguko, kisha wakazipima kwenye mizani. Tofauti ilikuwa gramu chache. Zamani kugawana kuliwahi kuleta maneno kati yao. Safari hii kila mmoja alichukua yake, wakasema aksanti, wakaondoka.

Mashini haibobini moteri. Kupanga waya ndani ya mifereji ya chuma bado ni kazi ya vidole, na fundi anasema itabaki hivyo kwake. Mafundi wawili wa komini ya Katuba wamekuja kuchora mpangilio wake, naye hakuwatoza kitu. Aliwaomba jambo moja, waanze na rele kabla ya moteri.

Kijana naye ana sheria yake, ambayo anamfundisha mwenzake mpya aliyeingia mwezi uliopita. Hata umeme ukiwa umekatika, hata mashini ikiwa kimya kabisa, unabonyeza chekundu kwanza, ndipo unapeleka mkono. Mwenzake alimuuliza kwa nini, kama rele iko. Kijana alimwonyesha kidole kisichokunjika, akamwambia abonyeze.